Sura ya Nne: Hamira Haina Mkwe

Mkuu wa kituo alimpa Inspekta hadi jioni. Alisema mshukiwa yuko ndani, mwenye mali anapiga simu kila akimaliza chai, na jalada lililoachwa wazi ni kama mlango wa choo, kila apitaye anachungulia. Mshukiwa huyo, Breki, apelekwe mahakamani kesho. Kama Inspekta ana la kumzuia, alilete sasa, na liwe kitu ambacho hakimu anaweza kukishika mkononi.

Alichokuwa nacho Inspekta hakikushikika. Kilikuwa harufu.

Siku iliyotangulia walikuwa wameitwa asubuhi, yeye na Koplo wake, kwenye duka la mikate. Mke wa mwokaji alikuwa amefungua mlango wa nyuma na kumkuta mumewe ndani ya stoo ya unga, mikono imefungwa kamba, mweupe kuanzia utosini hadi kwenye nyayo kama samaki aliyesubiri kukaangwa. Pikipiki ya kusambazia mikate haikuwepo. Mwokaji alieleza kwamba jioni, alipokwisha kukanda unga wa mikate ya kesho na kuufunika kitambaa, mtu alimjia kwa nyuma, akamtupia gunia kichwani, akamfunga na kumsukumia stoo. Alikaa humo usiku kucha. Sura hakuiona. Alisikia mluzi tu.

Mama mkwe wake, ambaye duka lilikuwa lake na pikipiki ilikuwa yake, hakuiacha sentensi hiyo ifike mwisho. Apigaye mluzi hapa ni mmoja, alisema, naye ni Breki. Breki alikuwa msambazaji wa mikate, mtoto wa marehemu dada yake mama mkwe, na jina hilo alipewa kwa sababu ndicho kifaa pekee cha pikipiki alichokuwa hakitumii. Wiki hiyohiyo walikuwa wamegombana juu ya mwendo wake. Breki alipoulizwa alilala wapi, alisema kitandani kwake. Alipoulizwa nani alimwona, alijibu kwamba yeye ni kapera mwenye adabu. Kufika adhuhuri alikuwa mahabusu, viatu vimevuliwa, anauliza kama chakula cha humo kina chumvi.

Inspekta angeridhika, lau si kitambaa kile. Koplo alipokuwa akichora ramani ya chumba, yeye alikifunua, akaona donge la unga limejaa hori zima la kukandia, la mviringo, limenona kama shavu la mtoto aliyetoka kunyonya. Lilinukia utamu. Koplo, ambaye alikuwa hawezi kuona chakula asikiguse, alilibonyeza kwa kidole. Likabonyea, likarudi. Mke wa Mwokaji akauliza kama polisi wanalihitaji donge hilo au anaweza kulioka, maana wateja walikuwa wamejaa mlangoni. Inspekta akamruhusu. Ndipo sehemu kubwa ya ushahidi ilipopita kooni mwa Koplo.

Alimhoji Koplo baadaye, kama anavyohojiwa shahidi mwingine yeyote. Mkate ulikuwaje? Ulikuwa na ukali wowote? Koplo alifumba macho, akavuta kumbukumbu kwa ulimi, kisha akasema mkate ulikuwa laini, mtamu, hauna kasoro, na kama afande anataka uhakika zaidi yuko tayari kurudi dukani.

Hapo ndipo palipomkera Inspekta. Yeye si mpishi wa kusifiwa, lakini aliwahi kusahau unga wa maandazi jikoni usiku mmoja, na asubuhi alikuta umeanguka kama mwavuli uliovunjika, unanuka kama klabu ya pombe. Donge la Mwokaji lilidaiwa kukaa tangu jioni hadi asubuhi, na bado lilikuwa bichi na jipya. Alipomweleza Mkuu, Mkuu alicheka hadi akavua miwani. Akauliza kama amwambie hakimu kwamba mwizi aachiwe kwa kuwa mkate ulikuwa mtamu. Na Mwokaji mwenyewe, alipoulizwa jambo hilo, alijibu pale pale, bila kumeza mate: usiku ule ulikuwa wa baridi, na hamira ikipata baridi hulala.

Ubaya wake ni kwamba hilo lilikuwa kweli. Hamira hulala. Swali lilikuwa kama ililala usiku ule.

Dada yake Inspekta alikuwa mwalimu wa baiolojia, na kwa simu alimfundisha kama anavyofundisha kidato cha pili. Hamira ni kiumbe hai, alisema. Inakula sukari na inapumua, na ile hewa inayoitoa ndiyo inayoinua mkate. Ipe uvuguvugu, itapumua haraka. Ipe baridi, itasinzia. Izidishie moto, utakuwa umeiua. Halafu akasema usiniamini mimi, pima mwenyewe, akamwazima chupa nne na kipimajoto, pamoja na onyo kali juu ya nani angelipa chochote kikivunjika.

Kwa hiyo asubuhi ile meza ya Inspekta ilikuwa na chupa badala ya majalada. Kila chupa ilitiwa hamira sawa, sukari sawa, maji sawa, na mdomoni ikavalishwa puto. Ya kwanza ilisimama katika beseni la barafu iliyoombwa kwa muuza soda. Ya pili iliachwa mezani, ipate joto la ofisi. Ya tatu iliwekwa katika maji ya uvuguvugu, yale ambayo mtu angemwogeshea mtoto. Ya nne ilitumbukizwa katika maji yaliyotoka birikani muda huohuo. Koplo alipewa uzi wa kupimia unene wa maputo na amri ya kutokula sukari iliyobaki. Alisema ushindi ni wa ya nne, kwa sababu hata maharage, moto ukizidi, huiva upesi. Inspekta hakubishana. Moyoni naye alifikiri hivyohivyo.

Mtu mmoja aliyefika kuripoti simu iliyopotea aliona maputo, akawatakia sikukuu njema ya kuzaliwa, akaondoka bila kuripoti. Mama mmoja aliyekuja kumshtaki jirani kwa mfereji wa maji machafu aliambiwa asubiri kidogo. Alikaa kwenye benchi, na baada ya muda akaanza kuishangilia chupa ya tatu kimyakimya kwa kichwa.

Alikuwa amechagua vizuri. Puto la tatu ndilo lililosimama kwanza. Liliinua shingo, likajaa, likakaza. La pili lilifuata kwa uzito, kama mtu aliyeamshwa kwenda kazini siku ya mvua. La barafuni lilibaki limelala ubavu. Na la nne, lile la maji ya birika, lilivimba kidogo mwanzoni, Koplo akatabasamu, kisha likalegea na kuning'inia kama soksi. Koplo alizungusha uzi mara mbili asiamini, akasema labda linaona haya mbele ya wageni.

Inspekta aliitoa chupa ya nne kwenye maji ya moto akaihamishia beseni la uvuguvugu. Wakangoja. Hakuna kitu. Kisha akaitoa ya barafuni, akaiweka palepale pa nne. Wakangoja tena, na mama wa mfereji akasogeza benchi karibu. Taratibu puto la barafuni likaanza kujikunjua.

"Umeona, Koplo," Inspekta alisema. "Huyu alikuwa amelala. Yule alikuwa amekufa."

Koplo akavua kofia kwa ajili ya yule wa nne. Alipoivaa tena, walikuwa tayari njiani kuelekea dukani na kipimajoto mfukoni.

Sasa lilibaki jambo moja la kujua, nalo ni joto la chumba. Inspekta hakumuuliza Mwokaji. Alimuuliza mkewe, aliyekuwa akipanga trei, kama tanuri huachwa lipoe usiku. Mke alisema tanuri ni la matofali, huwashwa mchana kwa mikate ya jioni, na asubuhi bado ukuta wake ni wa moto, ndiyo maana paka wa jirani amehamia hapo na kumsahau mwenyewe. Usiku wa tukio vilevile? Vilevile, mke alisema. Jana alipofungua mlango joto lilimpiga usoni kama kawaida. Inspekta aliweka kipimajoto kwenye rafu iliyo juu ya hori, karibu na kopo la mafuta ya kupikia, yale yanayoganda yakipata baridi. Aliliangalia kopo hilo kwa muda mrefu. Jana alikuwa amelisogeza na yakamwagikia mkono wa shati, yameyeyuka kama maji. Kipimajoto nacho kilipanda hadi mahali pale kilipokuwa kwenye beseni la chupa ya tatu, kikatulia.

Alimwomba mke akande unga, kwa vipimo vya kila siku, kwenye hori lilelile, na aufunike kitambaa. Mke hakuuliza sababu. Alipomaliza, Inspekta aliagiza Mwokaji aitwe, akamkalisha kwenye kigoda kando ya hori. Mama mkwe hakuitwa na mtu. Aliingia tu, akakaa juu ya gunia la ngano katikati ya chumba, akaweka mkoba mapajani.

Kuingia kwake kulimpunguza Mwokaji nusu nzima. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye mikono kama majembe, lakini mbele ya mkwe aligeuka ubavu, akainamisha macho, akawa anajibu maswali ya polisi kwa kuiambia sakafu. Inspekta hakuwa na haraka. Alimuuliza kuhusu gunia, lilinuka nini. Alimuuliza kuhusu kamba, ilifungwa kwa mbele au kwa nyuma. Kuhusu mluzi alimtaka aeleze ni wimbo gani, na Mwokaji akasema hapana wimbo, ulikuwa mluzi wa kawaida tu, wa mtu mwenye shughuli. Kila jibu lilikuja limechoka. Koplo alikuwa akiandika, lakini baada ya muda kalamu ilisimama, kwa sababu kitambaa cha hori kilikuwa kimeanza kuinuka.

Mwokaji alikiona pia. Alikitupia jicho, akalirudisha sakafuni, akakitupia tena. Hamira haina mkwe wa kumwogopa. Iliendelea na kazi yake.

"Unga wa juzi uliukanda saa ngapi?" Inspekta aliuliza.

"Jioni. Kabla sijavamiwa."

"Na hukukanda mwingine."

"Ningekanda vipi na mikono imefungwa?"

"Kwa hiyo donge lilikaa hapa usiku kucha."

"Lilikaa. Usiku ulikuwa wa baridi, Inspekta. Hamira ililala."

"Baridi ilikuwa nje." Inspekta aliinua mkono akaligonga kopo la mafuta kwa kucha. "Haya jana asubuhi yalikuwa maji. Yalinichafua shati. Humu hakukuwa na baridi."

Mwokaji aliliangalia kopo kama anavyoangaliwa ndugu aliyeropoka kikaoni. Akafikiri. Akasema basi labda joto lilizidi, maana tanuri lile lina hasira, na joto likizidi hamira huzimia.

"Haizimii," Inspekta alisema. "Inakufa. Na iliyokufa haiamki alfajiri kumwinulia mkeo donge."

Koplo alikohoa kumuunga mkono afande wake. Kitambaa sasa kilikuwa kilima. Inspekta alisimama akakivuta, na donge likatokea, limejaa hadi ukingoni, linang'aa, limenona sawasawa na lile la jana. Alimwomba Mwokaji, kama fundi, aseme hali yake.

Hapo Mwokaji aliponzwa na mikono yake. Ilikuwa imezoea. Kidole kilikwenda chenyewe, kikabonyeza, kikasubiri donge lirudi, na mdomo ukasema kabla mwenyewe hajaushika: "Limefika. Liingie tanurini sasa hivi."

"Likisubiri?"

"Aa, halisubiri hili. Ukiliacha mpaka…"

"Mpaka asubuhi?"

Paka alijinyoosha na kulala upya.

"Litaanguka," Mwokaji aliiambia sakafu. "Litachacha."

Inspekta alikaa tena. Alisema donge la jana lilikuwa hivihivi mke alipofungua mlango, kwa hiyo lilikandwa alfajiri, muda mfupi kabla, na humu ndani hakukuwa na mtu mwingine ila yeye. Akaongeza jambo la suruali. Unga mkavu ukimwagikia mtu mkavu, alisema, hukung'utika ukaisha. Wa Mwokaji ulikuwa umegandamana miguuni kama uji wa juzi. Mtu huyo aliingia stoo akiwa amelowa. Alilowea wapi?

Mwokaji aliomba, kwa sauti ya chini kabisa, mama atoke kwanza.

"Jengo langu, gunia langu, mkwe wangu," mama mkwe alisema. "Sema nisikie."

Ikawa kusema ni kwa njia ya Koplo. Mwokaji alimnong'oneza Koplo sikioni, na Koplo, bila kuombwa, akawa anatangaza kwa sauti ya kaunta ya kituo. Habari yenyewe ilikuwa hivi. Mwezi uliopita, kwenye karamu ya familia, mama mkwe alikuwa amesema mbele ya watu wote kwamba mume wa binti yake ana mikono ya dhahabu lakini hawezi kuendesha hata baiskeli. Watu walicheka. Mkewe naye alicheka, kidogo. Mwokaji hakulala vizuri tangu siku hiyo. Jioni ya tukio, kabla hata ya kugusa unga, aliikokota pikipiki hadi kwenye uwanja ulio nyuma ya matanuri ya kuchomea matofali, ajifunze peke yake, ili siku moja amchukue mkewe nyuma na kupita naye mlangoni kwa mama kwa mwendo wa heshima. Kuwasha aliweza. Kwenda aliweza. Kilichomshinda ni kusimama. Mwisho wa uwanja kulikuwa na shimo la udongo lililojaa maji ya mvua, na pikipiki iliingia humo na taa yake ikiwa inawaka.

Alivuta usiku kucha. Ilizidi kuzama. Alfajiri alirudi amejaa tope, akiona hana uso wa kumwonyesha mama, akajimwagia unga ulifiche tope, akajifunga kamba kwa meno.

Mke wake, aliyekuwa amesimama mlangoni na trei, aliuliza swali ambalo Inspekta alikuwa amelishika mdomoni. Aliuliza kuhusu mluzi.

Mluzi, Koplo alitangaza, aliuweka ili habari ipendeze. Hakumfikiria Breki hata kidogo. Mama ndiye aliyemtaja.

"Na wewe ukanyamaza," mkewe alisema. "Kaka yangu amelala sakafuni kwa ajili ya mluzi."

Mwokaji alisahau kunong'ona. "Ningembishiaje mama?"

Mama mkwe alikuwa akiutazama mkoba wake. Inspekta alimwambia Mwokaji kwamba kutoa taarifa ya uongo ni kosa, atakwenda kituoni kuandika maelezo mapya, na Mkuu ataamua la kumfanya. Mwokaji akakubali kwa kichwa. Lakini jambo moja lilikuwa linamsumbua Inspekta tangu chupa zilipokuwa mezani, naye akaliuliza, ingawa halikuwa la jalada. Kama angeacha hori tupu asubuhi ile, pasingekuwa na donge la kumuumbua. Tope lingepuuzwa, kamba zingeaminika. Kwa nini alikanda?

Mwokaji alimtazama machoni kwa mara ya kwanza, kwa mshangao wa kweli.

"Wangekula nini, Inspekta?"

Donge lilikuwa limeanza kumwagika ukingoni. Mama mkwe alinyanyuka kwenye gunia, akajikung'uta unga nyuma, akaelekea mlangoni. Alipofika usawa wa mkwewe alisimama bila kumtazama.

"Oka kwanza," alisema. "Pikipiki hailiwi. Ukimaliza nenda na polisi, na mkitoka huko nitakuwa kwenye hilo shimo."

Koplo alijitolea kubaki amlinde mshukiwa hadi mikate itoke. Inspekta alimwacha, akijua ulinzi huo ungekuwa wa karibu sana.

Mkuu wa kituo alisoma ukurasa wa kwanza wa maelezo ya Inspekta, akauliza kama neno "hamira" limeandikwa sawasawa, akatia saini. Inspekta akaenda mwenyewe kumfungulia Breki. Alimkuta amekaa ukutani, viatu mikononi, tayari, kwa sababu alikuwa amesikia funguo. Walisimama kwenye kaunta akamwambia yote, kuanzia karamu hadi shimo, bila kupunguza. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, na alikuwa ameamua kutoyasikia.

Breki hakutukana. Aliuliza kama ni kweli shemeji alikwenda kujifunza peke yake, gizani, bila mtu yeyote. Inspekta akasema ni kweli. Breki akaketi kwenye benchi, akavaa kiatu kimoja, akakaa na cha pili mkononi.

"Angeniambia tu," alisema. "Ningemshikia pikipiki kwa nyuma."